Mtoto aanze lini kuchapa? Bi Mwalimu anajibu barua zenu

Tangu nilipoeleza hapa kuhusu mwandiko wa watoto wa darasa la pili, barua zimeniletea swali moja katika sura nyingi: kompyuta iingie lini, na kalamu ifanywe nini? Nimechagua barua nne. Nimezifupisha, na majina nimeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

"Shikamoo Bi Mwalimu. Binti yangu ana miaka sita, yuko darasa la kwanza katika shule ya kulipia hapa mjini. Kwenye kikao cha wazazi tumeambiwa mwakani kila mtoto aje na kishikwambi, maana Ulaya wameshaacha kuandika kwa mkono na watoto wetu wataachwa nyuma. Baba yake anasema malipo ya korosho yakiingia atanunua. Lakini mtoto bado anageuza b na d, na jina lake likianza chini ya mstari linamalizikia juu. Tununue?" Mama wa Ligula, Mtwara

Marahaba mwanangu. Msinunue. Si mwakani, wala mwaka unaofuata.

Usije ukadhani ninaichukia mashine. Kabla sijaingia ualimu nilikuwa mpiga chapa. Nilijifunza uhazili hapahapa Mtwara mwaka 1983, kwenye mashine za taipu za chuma ambazo kitufe kimoja kilitaka nguvu kama ya kubonyeza kengele ya baiskeli, na kazi hiyo ndiyo iliyonilisha miaka minne. Baadaye nikafundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka 31. Kwa hiyo mikono yangu inazijua kazi zote mbili, na ninajua ipi hutangulia.

Mtoto anapoumba herufi kwa mkono hachori picha tu. Anajifunza herufi ile inaanzia wapi, inazungukia upande gani, inaishia wapi. Mwanao anayegeuza b na d, kwenye kibodi hatageuza tena, atabonyeza iliyoandikwa b na itatokea b. Ninyi mtafurahi, naye atakuwa hajajifunza kitu. Kosa limefichwa tu, na litakuja kuonekana kwenye kusoma. Mtafiti Karin James wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alilipima jambo hili na mwenzake Laura Engelhardt, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Walichukua watoto wa miaka mitano ambao bado hawajui kusoma. Herufi nyingine watoto waliziandika kwa mkono wenyewe, nyingine walifuatisha juu ya alama zilizokwisha kuchorwa, nyingine walibonyeza kwenye kibodi. Kisha walionyeshwa herufi hizo huku ubongo wao ukipigwa picha. Sehemu za ubongo tunazotumia kusomea ziliamka kwa herufi zile walizoziandika wenyewe kwa mkono. Zile walizobonyeza hazikuleta hivyo, wala zile walizofuatisha.

Sisi hatukuwa na mashine za kupiga picha ubongo, lakini tulikuwa na mchanga. Nilipokuwa nikifundisha Mikindani, wiki za mwanzo sikugusa daftari. Maji yakitoka, watoto walishuka ufukweni, kila mmoja na kidole chake, na tukaumba herufi kubwa kama sinia: "a" inazunguka, inapanda, inashuka. Mtoto aliyeiumba a kwa bega lake zima haisahau. Mfanyie mwanao hivyohivyo uani, dakika kumi jioni, b na d tu kwa wiki nzima: b fimbo kwanza halafu tumbo, d tumbo kwanza halafu fimbo. Na hizo za korosho, toeni kidogo mnunue madaftari ya mistari mipana, penseli na kifutio kizuri.

Hilo la Ulaya kuacha kuandika kwa mkono limesikika vibaya. Nchi inayotajwa ni Ufini. Mtaala wao mpya ulioanza Agosti 2016 uliondoa ulazima wa kufundisha mwandiko wa kuunganisha herufi, ukaingiza kuchapa. Herufi za kuachanisha watoto wa Ufini bado wanafundishwa kwa mkono, kama wetu. Na wapo waliorudi nyuma: jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria Oktoba 2023 ya kufundisha mwandiko wa kuunganisha kuanzia darasa la kwanza hadi la sita. Ukienda kwenye kikao kijacho, yaseme hayo kwa upole. Huenda mkuu wa shule naye aliambiwa na mtu.

Lipo jambo jingine ambalo sijamsikia mtu akilisema, labda kwa sababu kibodi hatukuitengeneza sisi. Mpangilio huu wa herufi tunaoutumia unatokana na mashine ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, aliyepata hataza mwaka 1868, na aliutengeneza kwa ajili ya Kiingereza. Kwa Kiingereza herufi inayotumika kuliko zote ni e, na e inabonyezwa na kidole cha kati cha mkono wa kushoto, kidole chenye nguvu. Kiswahili chetu kinaishi kwa a. Andika "Mama anapika samaki wa nazi". Herufi 23, na 9 kati yake ni a. Kwenye kibodi a iko chini ya kidole cha mwisho cha kushoto, kile kidogo, kilicho dhaifu kuliko vyote. Kwa mtoto wa miaka sita kidole hicho hakijawa na nguvu ya kazi hiyo. Atakiacha, atachukua kidole cha shahada na kudonoa a kama kuku, na tabia hiyo atakua nayo.

Sasa lini? Kipimo changu ni imla. Msomee sentensi fupi. Akiiandika huku masikio yake yakiwa tayari kwenye neno linalofuata, bila kusimama kujiuliza g inageukia wapi, mkono wake umekomaa. Watoto wengi niliowafundisha walifika hapo mwishoni mwa darasa la pili, na ndiyo sababu mtaala wa madarasa hayo mawili ulioanza mwaka 2015 uliweka nguvu kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Basi kuchapa kuanze darasa la tatu, miaka minane au tisa, wakati kiganja kimepanuka. Kuanze pole pole, na kalamu iendelee kila siku.

"Mwalimu, mimi ni mwalimu mwenzio, Tandahimba. Shule yetu ina kompyuta tatu tulizopewa na mfadhili, na vile vishikwambi vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu. Darasa la nne lina watoto 87. Umeme upo, lakini siku nyingine haupo. Mwalimu mkuu ameniambia nifundishe kuchapa. Nianzie wapi?" Mwalimu wa Tandahimba

Mwalimu mwenzangu, umenigusa. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kama magoti yangu yangekuwa ya zamani ningekuja huko juu kukusaidia.

Anzia kwenye maboksi. Omba dukani maboksi ya sabuni au biskuti, kila mtoto akate kipande kinachoenea mikono yake miwili, na uwachoree mistari mitatu ya herufi kama ilivyo kwenye kibodi. Safu ya katikati ndiyo nyumbani. Ukiitazama kompyuta yako utaona F na J zina kijistari kilichoinuka. Kimewekwa ili vidole vya shahada vijue mahali pao bila macho. Kwenye boksi bandika punje ya mchele kwa gundi juu ya F na nyingine juu ya J. Punje ikibanduka siku ya pili, ibandike tena, kwa maana bila hiyo zoezi lote halina maana.

Halafu mikono ikae: kushoto A, S, D, F, kulia J, K, L na alama ya nukta mkato, vidole gumba vikingoja nafasi. G na H zinafikiwa na vidole vya shahada kwa kunyoosha kidogo. Na hapa, mwalimu, kile kilichotusumbua kwenye a kinatulipa. Anayejifunza kwa Kiingereza akiwa na safu ya katikati tu hana maneno mengi ya kuandika. Sisi tunayo tele: dada, kaka, lala, sasa, kaa, kasa, dagaa, ghala, jalada, ladha, shaka, hasa, fasaha. Angalia: mtoto wa huku, siku ya kwanza, anaweza kuandika dagaa na kasa wa pwani, na ghala ambalo baba yake anapeleka korosho kila msimu. Anaandika neno zima lenye maana bila kuondoa vidole nyumbani. Nilipoligundua hili mara ya kwanza nikiwa msichana kwenye mashine ya chuma, mazoezi tuliyopewa yalikuwa ya Kiingereza, nami nikawa naandika dagaa, dagaa, dagaa pembeni mwa karatasi.

Usiwape zoezi la Kiingereza katika mwaka wa kwanza. Mtoto anayetafuta herufi na wakati huohuo anatafuta tahajia ya lugha asiyoijua anabeba mizigo miwili. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo anabaki na mzigo wa vidole tu. Safu ya katikati ikikaa vizuri, ongeza i na u, ukishafika hapo silabi za darasa la kwanza zinakusubiri: ka, ki, ku, sa, si, su. Wimbo wanaujua, waimbe huku wakibonyeza boksi. Kisha e na o, halafu n, m na w. Q na x ziache hadi mwisho kabisa, maneno yetu hayazihitaji.

Watoto 87 kwa kompyuta tatu: wasikae wote kuzisubiri. Darasa zima linafanya mazoezi ya boksi dakika kumi na tano, siku tatu kwa wiki, umeme uwepo usiwepo. Kwenye kompyuta wanakwenda sita sita, wawili kila moja, mmoja akichapa na mwenzake akitazama mikono na si kioo. Kazi ya yule wa pili ni kusema "nyumbani!" kila anapoona vidole vimepotea. Utashangaa mtoto anavyojifunza akiwa msimamizi.

Vishikwambi visitumike kufundishia vidole. Kioo ni laini, hakina F wala J ya kugusa, kwa hiyo macho hayawezi kuacha kutazama chini. Ila ukipata kibodi ya waya, inaweza kuchomekwa kwenye kishikwambi kwa kiunganishi kidogo kinachouzwa kwenye maduka ya simu. Hapo umepata kompyuta ya nne, na yenye betri siku umeme ukikatika.

Jambo dogo lakini naomba ulishike. Ukifungua programu ya kuandikia, kompyuta huenda ikadhani unaandika Kiingereza na kupiga mstari mwekundu chini ya kila neno. Mtoto ameandika "ghala" sawasawa, anaona wekundu, anafuta. Nimemwona mjukuu wangu akifuta jina la mama yake mara nne kwa sababu hiyo, na machozi yanamlengalenga. Kwenye mipangilio ya lugha chagua Kiswahili, au zima kabisa ukaguzi wa tahajia kabla hawajaingia. Na ng' yenye kibainishi uwafundishe mapema, maana "ng'ombe" bila kile kibainishi si ng'ombe.

Usipime kasi mwaka wa kwanza. Marekani, katika viwango vyao vya pamoja vilivyotolewa mwaka 2010, wanategemea mtoto wa darasa la nne aweze kuchapa ukurasa mmoja kwa mkao mmoja, na wao wana kompyuta nyingi. Wako wakimaliza mwaka wakichapa mistari mitano bila kutazama chini, umefundisha. Insha waendelee kuandika kwa kalamu. Virginia Berninger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walilinganisha watoto wa darasa la pili, la nne na la sita mwaka 2009, wakaona kwa kalamu waliandika insha ndefu zaidi na kwa haraka zaidi kuliko kwa kibodi. Na huku kwetu mtihani wa darasa la nne ni kalamu, kidato cha pili ni kalamu, kidato cha nne karatasi moja ni saa tatu za kalamu. Mkono usiozoea kuandika unauma baada ya saa moja, na mtoto anafupisha jibu analolijua.

Niandikie tena baada ya muhula. Ninataka kujua punje za mchele ziliishia wapi.

"Shikamoo bibi. Nimemaliza kidato cha sita, niko Lindi. Kwenye simu nachapa haraka sana kwa vidole gumba, lakini kwenye kompyuta nadonoa kwa vidole viwili. Maombi ya mkopo nilijaziwa steshenari, wakakosea herufi moja ya jina langu, ikanichukua wiki mbili kurekebisha. Nimechelewa kujifunza? Na je, si mashine zitakuja kuandika kwa sauti tu?" Kijana wa Mtanda, Lindi

Marahaba mjukuu wangu. Pole sana kwa jina. Herufi moja ya jina inaweza kukutenganisha na cheti chako mwenyewe, na inauma zaidi ukijua kwamba ungekaa mwenyewe pale kwenye kiti usingeikosea. Mkopo, chuo, ajira serikalini, siku hizi vyote vinaanzia kwenye fomu ya mtandaoni. Ndiyo maana nataka watoto wajifunze kabla hawajafika ulipofika wewe.

Hujachelewa. Ila nikuambie ukweli: wiki mbili za kwanza utakuwa mzito kuliko ulivyo sasa, na hapo ndipo wengi hurudi kwenye kudonoa. Mwalimu wetu wa uhazili alijua hilo. Alituvalisha kanga shingoni kama tunanyolewa, pindo akalitandaza juu ya mashine, mikono yote ikawa chini ya kanga. Hatukuona kitufe hata kimoja. Siku ya tatu mwenzangu alilia. Mwezi wa pili tulikuwa tunapiga chapa huku tukitazama dirishani, meli zikiingia bandarini.

Kuna kisa cha zamani ninachokipenda. Julai 25, 1888, huko Cincinnati, Marekani, wapiga chapa wawili walishindanishwa mbele ya watu. Louis Traub alikuwa akitafuta herufi kwa macho. Frank McGurrin, mwandishi wa mahakama kutoka Salt Lake City, alikuwa amejifundisha kutumia vidole vyote bila kutazama. McGurrin alishinda wazi, na tangu hapo watu wakaanza kuamini njia yake. Hakuwa na mwalimu.

Basi tafuta kompyuta unayoweza kuitumia nusu saa kila siku, hata kwa kulipia. Nusu saa kila siku inashinda saa nne za Jumamosi. Chukua kanga ya mama, kwa ruhusa yake. Anza na maneno niliyompa mwalimu wa Tandahimba hapo juu, siku tano bila kuongeza herufi nyingine. Ukikosea usifute, malizia neno kisha uliandike upya, kwa sababu anayefuta kila mara anakifundisha kidole kufuta. Ile kasi ya vidole gumba ni mali yako, usiidharau, lakini haihamii kwenye kibodi. Ni mikono miwili tofauti.

Kuhusu sauti: jaribu kuitamkia simu jina lako la ukoo, kata yako na kijiji alichozaliwa babu yako, uone itaandika nini. Na chumba cha mtihani au ofisi yenye watu wanne si mahali pa kusema kwa sauti namba yako ya kitambulisho.

"Bi Mwalimu, mwanangu wa darasa la pili ni mashoto. Bibi yake mzaa baba anamfunga mkono wa kushoto kwa leso ili aandike kwa kulia. Mwandiko umezidi kuharibika na sasa hataki shule. Nifanye nini bila kumvunjia heshima mama mkwe?" Mama wa Nachingwea

Mwanangu, ile leso ifunguliwe leo. Mama mkwe mwambie kwamba unajua anamtakia mjukuu adabu ya kula na kupokea kwa mkono wa kulia, na hilo muendelee kumfundisha, kwa mkono wa kulia, mezani. Kalamu ni jambo jingine. Kama kuna shangazi au babu ambaye neno lake linasikika, mtume yeye aseme, asionekane ni wewe.

Kwenye kibodi mwanao hatakuwa na shida hata kidogo, tena a yetu iko upande wake. Baba, wewe, barabara, maneno hayo yote yanaandikwa na mkono wa kushoto peke yake. Lakini hilo ni la mwakani.

Kwa sasa, daftari liinamishe, upande wa juu uelekee kulia, ili aone anachoandika bila kukunja kifundo cha mkono. Penseli aishike juu kidogo kuliko wenzake. Na nenda shuleni umwombe mwalimu wake amkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto. Watatu wakibanana na yeye yuko katikati, kiwiko chake kinagongana na cha jirani kila mstari, na mwalimu anaona mwandiko mbaya bila kuona kiwiko.